Global Forest Watch: inafaa kiasi gani kwenye mabishano ya misitu Uganda?

Mabishano ya msitu yakishawaka Uganda, iwe ni Bugoma, Mabira au Zoka kule Adjumani, siku haiishi kabla ya mtu kutupia kundi la WhatsApp picha ya ramani iliyojaa madoa ya waridi, rangi ya mahali palipopotea miti, na kuandika chini yake: ushahidi huu hapa. Mara nyingi picha hiyo imetoka Global Forest Watch, huduma ya bure ya taasisi ya World Resources Institute ya Marekani, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2014. Wanaoitumia ni wanaharakati, waandishi wa habari, maofisa misitu wa wilaya, wanafunzi wa Makerere, na siku hizi hata wanunuzi wa kahawa. Wengi wao hawajawahi kufungua mipangilio yake.

Tuseme hukumu mapema. Kwa kazi ya kukuonyesha mahali pa kwenda kuangalia, hakuna cha bure kinachoikaribia. Kwa kazi ya kuamua nani anasema kweli kuhusu asilimia ya misitu ya nchi, ni dhaifu, na udhaifu huo una sababu zinazoelezeka. Kwa vinamasi na savana, karibu haina msaada.

Vitu viwili ndani ya ramani moja

Tovuti inaweka pamoja vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: takwimu za mwaka na arifa, yaani taarifa za haraka kwamba miti imeonekana kuondoka mahali fulani. Takwimu za mwaka zinatoka maabara ya GLAD ya Chuo Kikuu cha Maryland. Zimejengwa kwa picha za setilaiti za Landsat, pikseli (kimraba kidogo kabisa cha picha) ya mita 30 kwa 30, zinaanzia mwaka 2001, na za mwaka uliokwisha hutolewa mwaka unaofuata, mara nyingi Aprili au Mei. Arifa zinakuja wiki kwa wiki, haraka na zikiwa na makosa mengi zaidi. Mtu akikuletea "hekta zilizopotea mwezi huu" kwa kujumlisha arifa, usibishane naye juu ya msitu. Bishana naye juu ya hesabu. Arifa zimetengenezwa ili mlinzi ajue pa kwenda, na wenye huduma wenyewe wanaonya zisitumike kupima eneo wala kulinganisha mwaka na mwaka.

Pikseli moja ya Landsat ni mita za mraba 900. Ekari moja ya shamba ni pikseli nne na nusu hivi. Kwa hiyo mkulima anayepanua shamba lake kwa robo ekari kila msimu, kama ilivyo kawaida kwenye kingo za misitu ya watu binafsi huko Kikuube na Kibaale, anaweza kukata msimu mzima bila pikseli hata moja kubadilika rangi kikamilifu. Ramani inaona vizuri trekta la kampuni, na inaona kwa shida jembe la mwananchi. Kwenye mjadala wa nani anamaliza misitu, upendeleo huo wa kifaa una uzito wa kisiasa, na ni nadra kusikia mtu akiutaja.

Ile asilimia 30

Hapa ndipo mabishano mengi yanapoharibikia. Kila takwimu ya ufunikaji wa miti inategemea kiwango unachochagua wewe: 10, 15, 20, 25, 30, 50 au 75. Ni asilimia ya ardhi iliyofunikwa na majani ya miti ukitazama kutoka juu. Usipogusa chochote, tovuti inakupa 30. Maana yake ni kwamba pikseli ambayo mwaka 2000 ilikuwa na kivuli cha miti chini ya asilimia 30 haihesabiwi. Miti yake yote ikikatwa leo, ramani haisemi neno.

Kwa Budongo au Kibale hilo halina shida, maana kule majani yanagusana. Kwa Acholi, Lango na West Nile shida ni kubwa. Miti ya shea imesimama mmoja mmoja katikati ya nyasi na mashamba, na ndiyo hiyo iliyokuwa ikigeuzwa mkaa hadi Rais akatoa Amri ya Utendaji namba 3 ya mwaka 2023 ya kupiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini. Ukifungua ramani kwa kiwango cha 30 na kutafuta athari za mkaa Gulu au Amuru, utaona sehemu tu ya uharibifu, kisha atatokea mtu wa kusema marufuku haikuwa na msingi kwa sababu "setilaiti haionyeshi." Setilaiti ilipita juu ya kila mti, ni kichujio kilichouondoa.

Ukiteremsha hadi 10 picha inabadilika, ila unaingiza kosa jingine. Kipimo cha mwaka 2000 kwenye maeneo makavu ni dhaifu, vichaka na miti mifupi huchanganyika, na ukame wa mwaka mmoja unaweza kuonekana kama ukataji. Ushauri wetu: kwa kaskazini na Karamoja, toa namba mbili, ya 10 na ya 30, kisha eleza tofauti yake. Anayetoa moja tu bila kutaja kiwango hajatoa namba.

Halafu kuna tafsiri ya msitu wenyewe. Uganda, kwenye hesabu iliyowasilisha Umoja wa Mataifa chini ya REDD+, mpango wa kupunguza ukataji misitu, inasema msitu ni eneo la angalau hekta 1, lenye kivuli cha angalau asilimia 30, na miti inayoweza kufikia mita 4. Shirika la FAO linasema hekta 0.5, asilimia 10, mita 5. Watu wa Maryland hawasemi msitu kabisa; wanapima mimea yoyote iliyozidi mita 5, hata ikiwa pikseli moja, iwe mvule wa miaka mia, mikaratusi ya mwenye shamba la mbao, au michikichi ya Kalangala. Kisiwa cha Bugala ni mfano mzuri wa kufundishia. Msitu asilia ulipofyekwa kupisha michikichi, ramani ilionyesha hasara. Michikichi ikishapita mita 5, hicho hicho kifaa kinaihesabu kuwa ufunikaji wa miti. Hakijadanganya mahali popote, ila asiyejua kinapima nini atatoka na hadithi mbili zinazopingana.

Ndiyo maana ni kazi bure kutumia tovuti hii kumkosoa waziri kwenye asilimia za taifa. Takwimu za serikali zinasema misitu ilifunika karibu asilimia 24 ya nchi mwaka 1990, ikashuka hadi karibu 9 mwaka 2015, kisha ikatajwa kuwa 12.4 mwaka 2017. Kwenye hesabu hiyo mna misitu minene, misitu iliyochakaa, mapori ya miti na mashamba ya kupandwa, na kwa kuwa tafsiri inasema "inayoweza kufikia mita 4", misonobari iliyopandwa juzi inaweza kuingia. Wizara ya Maji na Mazingira ikisema misitu imepanda, na mwanaharakati akionyesha waridi limeenea, wote wawili wanaweza kuwa na haki: msitu asilia unaliwa upande huu, misonobari na mikaratusi inapandwa upande ule. Swali la kuuliza ni kama hekta ya mikaratusi Mubende inalipa hekta ya mahogani Bugoma, na hilo ni swali la sera. Hakuna kitufe chake.

Wala usijaribu kutoa hasara kutoka kwenye ongezeko. Safu ya ongezeko la miti imepimwa kwa njia tofauti na kwa vipindi tofauti na ile ya hasara, kwa hiyo jibu la kutoa moja kwenye nyingine halina maana. Jambo jingine ni mwendelezo wa miaka. Mbinu ya kugundua hasara iliboreshwa kwa data za kuanzia 2011, na tena kuanzia 2015. Ukilinganisha 2005 na 2018 moja kwa moja, sehemu ya ongezeko unaloliona ni macho kuwa makali zaidi. Chukua wastani wa miaka mitatu mitatu, na mabadiliko ya baada ya 2015 yalinganishwe yenyewe kwa yenyewe. Kwa kiwango cha dunia, watengenezaji walikadiria kwamba asilimia 13 ya hasara iliyochorwa haikuwa hasara, na asilimia 12 ya hasara halisi haikuchorwa. Kwa mashamba madogo madogo kama ya kwetu, tarajia zaidi ya hilo la pili.

Ukitaka namba inayostahimili maswali, fanya hivi. Kwenye ukurasa wa takwimu wa nchi au wilaya, fungua mipangilio ya kisanduku cha hasara, chagua msitu asilia wa kitropiki badala ya miti yote, acha kiwango kwenye 30, na weka kipindi chako. Safu ya msitu asilia imejengwa kwa hali ya mwaka 2001, kwa hiyo mikaratusi na misonobari inatoka kwenye hesabu kwa kiasi kikubwa. Namba itakuwa ndogo kuliko ile ya kutisha inayozunguka mitandaoni. Lakini ukibanwa, utasimama nayo.

Ipo pia safu ya visababishi iliyotolewa mwaka 2025 kwa ushirikiano na Google DeepMind, yenye makundi saba: kilimo cha kudumu, kilimo cha kuhamahama, ukataji mbao, moto, makazi na miundombinu na kadhalika. Kila mraba wake ni kilomita 1. Kwa taifa zima inasaidia. Kwa kijiji kimoja usiitumie kumnyooshea mtu kidole, kwa sababu ndani ya kilomita moja ya mraba Uganda kuna muwa, matooke, tanuru la mkaa na nyumba ishirini.

Arifa: sehemu yenye thamani kubwa

Hapa huduma inastahili sifa. Arifa jumuishi zinakusanya mifumo kadhaa. GLAD ya Landsat, mita 30, hupata picha mpya kila siku nane. GLAD-S2 inatumia setilaiti za Sentinel-2, mita 10, kila siku tano hivi. RADD, kazi ya Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, inatumia rada ya Sentinel-1, mita 10, na rada haijali mawingu. Hii ya mwisho ndiyo iliyobadilisha kazi kwa nchi kama yetu yenye misimu miwili ya mvua. Zamani ukataji wa Aprili ulikuwa unaonekana Juni mawingu yakishaondoka. Sasa rada inaweza kuukamata mvua ikiendelea kunyesha.

Ila soma masharti. RADD na GLAD-S2 zimefungwa ndani ya mipaka ya msitu asilia wenye unyevu. Kibale, Bwindi, Budongo, Bugoma na Mabira ziko chini ya macho yote. Pori la Nwoya au la Otuke linabaki kwenye mifumo yenye pikseli kubwa zaidi. Wilaya ambazo mkaa unazimaliza ndizo zenye ulinzi hafifu wa setilaiti.

Kuitumia ni hivi. Fungua ramani kwenye kompyuta. Kwenye simu ya bei ya kawaida inakwama. Zima safu zote zinazowashwa zenyewe, acha arifa jumuishi tu. Weka kipindi kifupi, wiki nne hadi nane. Kwenye sehemu ya uchambuzi una njia tatu: kubofya mpaka uliopo tayari wa wilaya au hifadhi, kuchora eneo kwa mkono, au kupakia faili lako la mipaka, kwa mfano KML au GeoJSON. Faili liwe jepesi. Mipaka yenye maelfu ya nukta huangusha ukurasa, kwa hiyo irahisishe kwanza kwenye QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani. Ukisharidhika, fungua akaunti, hifadhi eneo, na jiandikishe upokee arifa kwa barua pepe. Usijiandikishe kwa wilaya nzima. Utapata rundo la barua, na baada ya mwezi utaacha kuzifungua. Chagua kipande kimoja cha hifadhi, au ukanda wa kilomita mbili ndani ya mpaka unaovamiwa.

Kila arifa ina kiwango cha uhakika. Ya chini imeonekana mara moja tu. Ya juu imethibitishwa kwa kuonekana tena. Ya juu kabisa imegunduliwa na mifumo zaidi ya mmoja. Mabishano ya hadharani yatumie hizo mbili za mwisho peke yake. RADD ina siku 90 za kuthibitisha arifa; isipothibitika ndani ya muda huo, inafutwa. Ndiyo maana doa ulilopiga picha Januari unaweza usilione Mei, na mpinzani wako atasema uliliumba.

Kosa tunaloliona baya kuliko yote ni kusoma tarehe ya arifa kama tarehe ya kukata. Ni tarehe ya kuonekana. Mti ulioanguka Oktoba chini ya mawingu unaweza kupata arifa ya Landsat mwezi Januari, jua likiwaka. Kama msimamizi wa eneo alibadilishwa Desemba, au mkandarasi mpya aliingia mwaka mpya, unamtwika mzigo wa mwenzake. Hata takwimu za mwaka zina tatizo hilo: ukataji wa Novemba na Desemba huweza kuhesabiwa mwaka unaofuata. Kabla ya kutaja mwezi, fungua Copernicus Browser, tovuti ya picha za setilaiti za Ulaya ambayo nayo ni bure, weka viwianishi vya doa (namba za mahali lilipo), kisha rudi nyuma picha kwa picha hadi uione ya mwisho yenye msitu na ya kwanza isiyo nao. Ukataji umetokea kati ya tarehe hizo mbili. Andika zote mbili.

Rada nayo ina kasoro zake. Kwenye miteremko mikali ya Bwindi, Rwenzori na Elgon, upande mmoja wa mlima unabaki kwenye kivuli cha rada na upande mwingine unajikunja kwenye picha, kwa hiyo kuna mabonde ambayo hayaonekani vizuri. Pia maji huichanganya: msitu wa bondeni ukifurika, mwangwi wa rada unabadilika na arifa ya uongo inazuka. Madoa yakifuata mkondo wa mto baada ya mvua kubwa, subiri picha ya kawaida.

Bugoma kama kipimo

Hifadhi ya Bugoma, takriban hekta 41,000, ilitangazwa mwaka 1932. Mgogoro wake maarufu ni wa maili za mraba 22 ambazo Ufalme wa Bunyoro Kitara uliikodishia kampuni ya Hoima Sugar kwa miaka 99. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Masindi iliamua ardhi ni ya ufalme, na Agosti 2020 NEMA, mamlaka ya mazingira, ikatoa cheti cha tathmini ya athari kwa mradi huo, ikiruhusu miwa kwenye karibu maili za mraba 9 zilizoelezwa kuwa nyika ya nyasi.

Ona maswali matatu yaliyofungwa pamoja hapo. Je, palikuwa na msitu au nyasi? Je, miti imekatwa, na lini? Je, ardhi ni ya nani? Global Forest Watch inajibu la kwanza kwa heshima: washa ufunikaji wa mwaka 2000 na safu ya msitu asilia, weka mipaka ya eneo, na utaona ni vipande vipi vilikuwa na miti na vipi havikuwa navyo. La pili inajibu vizuri zaidi. La tatu haina hata neno moja la kusema, na watu wengi walioitumia kwenye mjadala huu walijibu la tatu kwa picha ya la pili. Mahakama haiulizi ramani kama miti imekatwa. Inauliza hati, upimaji na tangazo la serikali.

Na mipaka yenyewe ni mtego. Mipaka ya hifadhi iliyomo kwenye tovuti inatoka hazina ya dunia ya maeneo yaliyohifadhiwa, na si lazima ilingane na mawe ya mpaka yaliyosimikwa na wapimaji wa Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA. Lipo kosa la kiufundi ambalo limewaaibisha wengi. Ramani za zamani za Uganda na hati nyingi za upimaji zinatumia mfumo wa viwianishi wa Arc 1960. Tovuti na GPS ya simu zinatumia WGS84. Ukichukua viwianishi vya hati ukavipachika bila kuvigeuza, mpaka wote unahama takriban mita 300, hasa kuelekea kaskazini au kusini. Mita 300 zinatosha kumtoa mvamizi ndani ya hifadhi au kumwingiza mkulima asiye na kosa. Kwenye QGIS chagua Arc 1960, kanda ya 36 kaskazini, kisha hamisha kwenda WGS84, na hakiki kwa alama inayojulikana kama njia panda au daraja. Kisoro na kingo za magharibi kabisa zinaangukia kanda ya 35. Kuna waliosahau hilo pia.

Isichokiona

Mvule mmoja ukiondolewa katikati ya msitu, pengo linaweza kuwa mita za mraba mia chache. Kipimo kidogo kabisa cha RADD ni hekta 0.1, yaani mita za mraba 1,000. Wakata mbao wanaochagua mti mmoja mmoja wa thamani wanaweza kuumaliza msitu wa mahogani na ramani ikabaki kijani. Kijani hicho pia hakisemi ni miti gani. Mabira na Budongo zimevamiwa na mti wa kigeni, *Broussonetia papyrifera*, na *Senna spectabilis* nayo imeenea Budongo. Kwa setilaiti hiyo ni miti mizuri yenye majani. Mwanabiolojia anaona msitu unaokufa, ramani inaona ongezeko.

Vinamasi havimo. Mafunjo si miti ya mita 5, kwa hiyo vita vyote vya Lwera na Lubigi, vya mchanga, mpunga na kubomolewa nyumba, vinapita nje ya huduma hii.

Nukta za moto nazo zinahitaji uangalifu. Zinatoka kwenye kihisi cha VIIRS, ambacho pikseli yake ni mita 375, na nukta inawekwa katikati ya pikseli. Moto unaweza kuwa popote ndani yake. Murchison na Kidepo zikijaa nukta mwanzoni mwa kiangazi, kumbuka kwamba Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, huchoma nyasi mapema kwa makusudi ili kuzuia moto mkubwa wa baadaye. Kuna watu walioandika taarifa nzima za "hifadhi inateketea" kwa kutoulizia hilo.

Forest Watcher mkononi

Programu ya simu, Forest Watcher, ndiyo tunayoipenda kuliko tovuti. Inafanya kazi bila mtandao, na Taasisi ya Jane Goodall imeitumia magharibi ya Uganda pamoja na walinzi na wanajamii. Ukiwa mjini, ingia kwa akaunti ile ile, pakua eneo lako, arifa zake na ramani ya chini. Ukifika msituni, chagua arifa na programu inakuelekeza kwa umbali na mwelekeo. Jaza fomu, piga picha, na ukirudi kwenye mtandao unatuma.

Yanayoharibika ni ya kawaida. Watu wanasahau kupakua ramani ya chini na wanabaki na nukta kwenye karatasi tupu. GPS inakunywa betri. Bila chaji ya akiba utamaliza simu kabla ya mchana. Chini ya miti minene GPS ya simu hukosea hata mita 20, kwa hiyo subiri itulie kabla ya kupiga picha. Fomu ya kawaida ni ya jumla mno. Tengeneza ya kwenu yenye maswali ya hapa: shina limekatwa kwa panga au kwa msumeno wa mota, lina upana gani, tanuru la mkaa lipo, lina joto au limepoa, kuna miche ya kahawa au mahindi. Hayo ndiyo yanayomsaidia ofisa. Na msiende wenyewe. Mwoneni mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, na msimamizi wa NFA wa eneo, au UWA kama ni mbuga. Wanaokata usiku mara nyingi wana silaha au wana mwenye silaha nyuma yao.

Je, arifa zinapunguza ukataji kweli? Utafiti uliochapishwa 2021 kwenye jarida la Nature Climate Change uliangalia nchi 22 za tropiki na kukuta kwamba Afrika, pale ambapo watu walijiandikisha kupokea arifa, uwezekano wa ukataji ulipungua kwa asilimia 18 ukilinganisha na wastani wa 2011 hadi 2016. Amerika Kusini athari hiyo haikuonekana. Faida ilikuwa zaidi kwenye hifadhi na maeneo yenye leseni, yaani palipo na mtu mwenye mamlaka ya kuchukua hatua. Kwa wamiliki wa mailo (ardhi ya hati binafsi) wa Buganda, ambao ndio wenye misitu mingi ya binafsi iliyobaki Mukono na Mpigi, barua pepe haina wa kuifanyia kazi.

Kwa wenye kahawa

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya bidhaa zisizotokana na ukataji misitu, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inatazama kama shamba limetokana na msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba la hadi hekta 4 linaweza kutajwa kwa nukta moja yenye tarakimu sita za desimali. Zaidi ya hapo linahitaji mchoro wa mpaka. Wanaoingiza nukta hizo kwenye Global Forest Watch wajue kwamba kahawa chini ya mivule na mikuyu ya Masaka au Elgon inaonekana kama msitu, na mkulima akipogoa miti ya kivuli anaweza kupata doa la waridi. Doa hilo halimfanyi mvunja sheria, kwa kuwa sheria yenyewe inayatoa mashamba ya kilimo mseto kwenye tafsiri ya msitu. Chama cha ushirika kiweke picha za tarehe za shamba kabla ya 2021, zinazopatikana kwenye historia ya Google Earth Pro, kwa kila mwanachama aliyepata doa.

Kumbukumbu na gharama

Kila toleo jipya la mwaka linaweza kubadilisha namba za miaka ya nyuma. Kwa hiyo pamoja na picha ya skrini andika kiwango cha kivuli, kipindi, chanzo cha mpaka, mfumo wa viwianishi, kiwango cha uhakika cha arifa na tarehe uliyofungua ukurasa, na pakua jedwali lenyewe badala ya kutegemea kiungo. Wanasheria wa upande wa pili wataanzia hapo.

Huduma ni bure, akaunti ni bure. Bando si bure, na tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12. Kuangalia ramani kwa saa moja kunavumilika. Kupakua ramani za Forest Watcher kwa hifadhi nzima kufanyie kwenye Wi-Fi ya ofisi au chuo, usiku, na uhakikishe simu ina nafasi kabla hujaanza.